Mtoto wa Sita

Brayan hakubisha hodi. Nyumba ni ya baba yake, na baba yake sasa yuko chini ya udongo wa Ruanda, kijijini kwao, kwa hiyo hodi ya nini? Aliingia moja kwa moja uani na mwanamume mmoja aliyeshika futi ya kupimia, wakamkuta Tulinagwe amekalia ndoo iliyofunikwa, ungo mapajani, anachambua maharage ya njano. Ilikuwa Jumatatu asubuhi mwezi Juni, na baridi ya Tunduma ilikuwa imewafanya watu wote wanene kwa masweta.

"Shikamoo, dada Tuli."

"Marahaba, mdogo wangu. Mwagona? Ngoja niwatolee viti."

"Tusimame tu, dada. Tunapima mara moja tunaondoka."

Walipima sebule, wakapima chumba cha binti yake, Witness, wakaingia na chumba alicholala yeye na mumewe. Kitanda kilikuwa hakijatandikwa. Juu yake, kwenye kamba, zilianikwa nguo za ndani, maana siku hizo nje hakikauki kitu, na yule mwenye futi aliinama akapita chini yake huku akitaja urefu wa ukuta kwa sauti. Tulinagwe alibaki mlangoni na ungo wake. Alitaka kuzivuta zile nguo, akaona kwamba akizivuta sasa ndiyo atakuwa amezitangaza, akaziacha.

Walipotoka uani Brayan alijipangusa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Dada, mteja amepatikana. Anataka nyumba nzima, avunje ukuta wa katikati aweke godauni. Kwa hiyo tarehe thelathini nyumba iwe wazi."

"Thelathini ya mwezi huu?"

"Ya mwezi huu. Msalaba wa baba tunaweka Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Ukirudi kutoka Ruanda unamalizia kufunga vitu."

Tulinagwe aliutua ungo chini. Siku ishirini na moja. Hakukasirika, alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili aliyezoea kwamba habari mbaya huja na tarehe.

"Mali ni ya kwenu, siwezi kuwazuia kuuza," alisema. "Ila Januari nilimlipa mzee kodi ya mwaka mzima. Alinipigia mwenyewe, anataka kwenda hospitali Mbeya. Nikitoka mwezi huu, kuna miezi sita sijaikaa. Mtanirudishia lini, ili na mimi nitafute pa kwenda?"

Brayan alicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, na hapo ndipo palipouma.

"Kodi tena, dada? Kodi analipa mpangaji. Wewe ni dada yetu. Ndugu wanadaiana kodi?"

Akatoa simu, akaitafuta picha, akamnyooshea. Ilikuwa karatasi ambayo Tulinagwe aliijua vizuri kama anavyoujua mkono wake. *Mimi Nathanaeli nathibitisha kwamba Tulinagwe ni mwanangu. Anakaa katika nyumba yangu ya Tunduma bila malipo yoyote, ili kuilinda.* Sahihi ya mzee, iliyopinda. Sahihi yake yeye. Na juu ya zote, mhuri wa mtaa.

*

Hapa inabidi tuseme ukweli, maana msimuliaji anayemfichia mtu wake makosa ni mwongo mara mbili. Ile karatasi Tulinagwe aliisaini kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, na kalamu alitoa yeye.

Miaka minne nyuma, walipokuwa wanahamia, mtaani kulizuka maneno kwamba wapangaji wataulizwa kodi wanayolipa, na sehemu ya kumi itakatwa ipelekwe serikalini. Mzee Nathanaeli alikuwa mkulima wa kahawa asiyeogopa nyoka wala radi, lakini fomu aliiogopa. Akasema, "Tuseme wewe ni mwanangu. Kodi ilikuwa elfu sabini, nipe sitini, tuachane na hao watu." Gwalugano, mume wa Tulinagwe, anayeziba pancha za malori kwenye foleni ya mpakani, alipiga hesabu ya elfu kumi kila mwezi akasema saini, mke wangu, uongo huu hauna mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa akapiga mhuri bila kuuliza. Yeye aliona binti na baba yake.

Basi uongo huo ukaota mizizi. Mzee alianza kuvimba miguu, akawa anakuja Tunduma kila mwezi kwa ajili ya kliniki, analala kwenye sofa sebuleni. Tulinagwe alimchemshia maji ya kukandia miguu, akampikia uji usio na chumvi, akamsuta alipoficha dawa chini ya mto. Mwanzoni mzee alimwita "mwanangu" pale tu palipokuwa na mtu wa kusikia. Mwaka wa pili akawa anamwita hivyo hata wakiwa wawili peke yao. Na Tulinagwe, ambaye baba yake mzazi alifia Ileje yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, alikuwa ameshaacha kukumbuka kwamba jambo lile liliandikwa kwa sababu ya elfu kumi.

Mzee alipofariki mwezi Mei, mchungaji alisoma wasifu wake mbele ya kaburi: ameacha watoto sita. Watoto wa kuzaa walikuwa watano. Wa sita alisimama mwisho wa mstari, amejifunga kitenge cha sare kama wenzake, akatupa udongo wake na kulia machozi ambayo hakuna aliyemlipa.

*

"Tukae hadi kodi yetu iishe," alisema Gwalugano jioni hiyo, akisugua grisi kwenye vidole kwa mchanga na sabuni ya unga. "Waje watutoe."

"Watatutoa kwa polisi."

"Na karatasi ya risiti hatuna."

"Tungekuwa na risiti ya kodi na huku tumesaini kwamba hatulipi kodi? Ndaga, pole, baba Witness. Uongo huu tuliusaini wenyewe."

Tulinagwe alikuwa ameshakwenda mtaa wa Chapwa kuangalia vyumba. Viwili, elfu hamsini, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele na dalali wake anataka mwezi mmoja. Laki tatu na nusu. Miezi yao sita kwa Mzee Nathanaeli ilikuwa laki tatu na elfu sitini. Ungesema mtu alikaa akazipima hizo pesa zitoshe, na ibaki elfu kumi ya guta la kubebea vitu. Nje ya hizo walikuwa na magunia ya maharage anayouza Tulinagwe, na hayo ndiyo mtaji. Ukishaula mtaji umeshakula na chakula cha kesho.

Walikaa. Jumatano Brayan alituma fundi, akang'oa mlango wa choo.

"Unakwenda kurekebishwa," fundi alisema, hamtazami mtu.

"Ulikuwa na ubovu gani?" Tulinagwe aliuliza.

"Mama, mimi nimetumwa."

Walitundika shuka. Upepo wa Juni hauheshimu shuka. Wapangaji wa nyumba ya jirani walipanda ngazi yao ya nje kila saa, na kutoka kwenye ile ngazi uani palionekana pote. Witness, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha kunywa maji mchana. Siku ya tatu Tulinagwe alimkuta jikoni, midomo imekauka, kikombe cha chai kimejaa mbele yake.

"Kunywa, mwanangu."

"Nitakunywa usiku, mama."

Hilo ndilo lililomwinua. Nguo za ndani alizimeza, mlango aliumeza, lakini mtoto kuogopa maji nyumbani kwao hakuweza kulimeza. Alijifunga kitenge, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

*

Mwenyekiti aliitwa Mama Tabita. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, bendera na benchi ambalo kila anayelikalia hutoka na msumari kwenye sketi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha aliomba kuiona karatasi, Tulinagwe akampa nakala yake, na mwenyekiti akautazama mhuri wake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Tulinagwe. Ulikuwa unalipa?"

"Kila mwaka, mama. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima unajua, na mimi uliniletea hii nigonge." Hakupandisha sauti. "Mpangaji anayetolewa ningejua namna ya kumsaidia. Ningemwita huyo kijana hapa, ningemwambia mpe mama muda wa kutosha, mrudishie pesa ya miezi ambayo hajaikaa, rudisha mlango leo hii. Akikataa, ningekuandikia barua uende mbele. Lakini nitaandika nini? Kwamba mtoto wa marehemu anadai kodi kwa marehemu? Watanicheka mimi kwanza, halafu watakucheka wewe."

"Kwa hiyo sina haki."

"Haki ya mpangaji huna. Kwa karatasi hii wewe ni mtoto wa yule mzee. Mambo ya watoto yanamalizwa na ndugu, Ruanda, si kwangu."

Mama Tabita alimrudishia karatasi, kisha akafanya jambo ambalo hakuzoea kufanya: akainuka, akamsindikiza hadi nje. Aliona aibu, na alistahili kuiona, ingawa hakuwa peke yake.

Tulinagwe alirudi kwenye ungo wake. Maharage yana faida hiyo: mikono inafanya kazi, kichwa kinabaki wazi. Alitoa jiwe, akatoa punje iliyotobolewa, akatoa jiwe. Mteja wake wa upande wa Zambia alikuja, akamwita ba mayo, yaani mama, akamwuliza bei mara mbili, naye hakusikia. *Mambo ya watoto yanamalizwa na ndugu.* Alilirudia neno hilo mpaka likageuka upande wa pili. Mume wake aliporudi alimkuta ametoa debe zima la maharage safi, amelifunga kwenye kiroba.

"Hili la nani?"

"La Ruanda. Kila mtoto anapeleka kitu kwenye msalaba."

"Unawapelekea na chakula, watu waliong'oa mlango wa choo?"

"Napeleka," alisema. "Na nitakwenda kwenye kikao."

*

Nyumba ya Mzee Nathanaeli kule Ruanda ilizungukwa na kahawa iliyoiva, nyekundu, isiyochumwa kwa sababu ya msiba. Tarehe ishirini na nane asubuhi wanawake walikuwa wameshawasha mafiga nyuma ya nyumba. Tulinagwe alikabidhi debe lake, akapokewa kwa "pole na safari, shangazi", akanawa mikono. Alikuwa amejifunga kile kitenge cha sare. Kabla ya ibada watoto wa marehemu waliitwa sebuleni kwenye kikao, naye akaingia, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Jonasi, mtoto mkubwa, alikuwa kwenye kiti cha baba yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkulima, macho mekundu kwa moshi na madeni ya jeneza. Brayan alikaa kulia kwake na jaketi la ngozi. Mabinti watatu walikaa kwenye makochi. Erica, wa katikati, ndiye peke yake aliyemsogelea Tulinagwe na kumshika mkono.

Jonasi alipomwona alikohoa. "Dada, kikao hiki ni cha watoto."

"Ndiyo, kaka. Ndiyo maana nimekuja."

Watu walitazamana. Tulinagwe aliifungua karatasi, akaipeleka kwa magoti mpaka kwenye kiti cha Jonasi, akaiweka mapajani pake kwa mikono miwili, akarudi mkekani.

"Brayan alinionyesha hii. Niliomba kodi yangu ya miezi sita, akaniambia mimi si mpangaji, mimi ni mtoto wa mzee, na ndugu hawadaiani. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye kasoma, kasema ni kweli, mimi ni mtoto. Basi nimekubali." Akavuta kitenge kufunika magoti. "Mimi sijasoma, nitasema kwa ufupi. Kama mimi ni mtoto, ile nyumba haiuzwi bila mimi kuulizwa. Na hii kahawa niliyoiona hapo nje, mkiigawa, mtaigawa mara sita. Na tarehe thelathini sitatoka, kwa sababu mtoto hafukuzwi kwa baba yake. Kama mimi ni mpangaji, nirudishieni kodi yangu na mlango wa choo, nami nitaondoka siku mliyosema. Chagueni nyinyi. Lakini mkishachagua leo, msije mkabadilisha kesho."

Nyuma ya nyumba mwanamke mmoja alikuwa anaita aletewe mwiko mkubwa. Brayan alifungua mdomo.

"Huyu mama anataka kutuibia! Mtu mzima unasaini uongo, halafu—"

"Uongo huo uliutumia wewe wiki tatu zilizopita," alisema Erica. "Ulikuwa mtamu ukiwa mdomoni kwako?"

"Erica, nyamaza."

"Sinyamazi. Miguu ya baba ilipokuwa inatoka maji, ni nani kati yetu aliyeikanda? Mimi nilikuwa Dar. Wewe ulikuwa Tunduma hiyohiyo, Brayan, mtaa wa tatu."

Jonasi aliinua mkono. Alikuwa ameinamia karatasi, na kidole chake kilikuwa kinafuata sahihi ya baba yake, ile iliyopinda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana madeni, na ameambiwa na mdogo wake kwamba suala la Tunduma limekwisha.

"Ulimlipa kweli?" aliuliza.

"Laki saba na elfu ishirini, kaka. Zote zilikwenda Mbeya hospitali. Erica ndiye aliyezipokea kwenye simu."

Erica aliitikia kwa kichwa.

"Mpe pesa zake," Jonasi alimwambia Brayan. "Arubuni ya yule mteja unayo kwenye jaketi. Mpe, kabla hatujaanza kugawana mara sita."

Brayan alihesabu akirusha noti moja moja mezani. Tulinagwe aliziokota mbili zilizoanguka chini, kwa sababu aliyezirusha hakuinama.

"Na aandike," Brayan alisema. "Asije akatugeuka."

Wakampa daftari la mtoto wa shule, ukurasa wa katikati. Jonasi alisema maneno na yeye akayaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi kubwa kubwa. *Mimi Tulinagwe nilikuwa mpangaji. Nimerudishiwa kodi yangu shilingi laki tatu na sitini elfu. Mimi si mtoto wala ndugu wa marehemu.*

Kalamu ilisimama kwenye *si mtoto*.

Ni kweli tupu, alijiambia. Katika karatasi zote mbili, hii ndiyo ya kweli. Alizaliwa Ileje, baba yake mwingine, kabila lake lingine, na anayejua hayo kuliko wote ni yeye. Lakini alimwona mzee kwenye sofa, miguu kwenye beseni, akisema maji ni ya moto mno, mwanangu, unataka kunichuna. Hakuna aliyekuwepo siku hiyo wa kusikia.

"Andika tu 'mpangaji', inatosha," Erica alinong'ona.

"Iandikwe yote," alisema Brayan.

Tulinagwe aliwaza chumba cha Chapwa, choo chenye mlango wa bati. Akamwaza Witness na kikombe chake cha chai. Akaandika yote, akasaini.

*

Angeweza kuondoka hapohapo. Lakini maharage yake yalikuwa jikoni yanachemka, na msalaba alitaka auone.

Kaburi lilikuwa upande wa juu wa shamba. Mwashi alikuwa ameshausimamisha msalaba kwenye shimo lake, zege liko tayari kwenye karai. Mchungaji alisali, wakaimba, kisha akatoa kwenye Biblia yake ile karatasi ya wasifu ya mwezi Mei.

"Watoto sita wa marehemu wasogee. Kila mmoja ataweka mwiko mmoja wa zege, kwa mfuatano wao."

Jonasi alisogea. Mabinti wakasogea. Brayan akasogea wa mwisho, akichunga jaketi lisichafuke. Mchungaji aliwatazama, akaitazama karatasi, akahesabu tena kwa kidole.

"Bado mmoja," alisema.

Jonasi alitazama viatu vyake. Erica alianza kulia. Mchungaji akatafuta kwa macho katika umati mpaka akakiona kitenge cha sare, na juu yake uso anaoukumbuka, akatabasamu, akamnyooshea mkono wa kumwita. Watu walio mbele ya Tulinagwe wakampisha njia.

Yeye hakuipita. Alikuwa ameshikilia fundo la kitenge kiunoni, pale alipozifunga zile pesa.

"Wametimia, Mchungaji," alisema. "Endelea tu. Zege linaganda."